Aliyegongwa Akaachwa Njiani: Yatupasayo Sisi Tuliobaki

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja jambo ambalo kila usharika ulio kando ya barabara kuu umeliona kwa macho, nalo ni hili: gari limemgonga mtu, na dereva hakusimama. Vumbi limetulia, sauti ya gari imepotea kwa mbali, na mtu amelala chini. Ni nani sasa mwenye kazi? Wengi hujibu upesi, "Mwenye kazi ni dereva, naye amekimbia, basi hakuna la kufanya ila kulia na kulaani." Sisi twasema sivyo. Dereva amekwenda na gari lake, lakini wajibu haukupanda garini pamoja naye. Umebaki pale pale njiani, nao umewaangukia watu wa kwanza kufika. Tena kazi yao imezidi, kwa sababu pamoja na kuokoa uhai yawapasa kuhifadhi ukweli, maana yule aujuaye kuliko wote ameuchukua akaenda nao.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba watu wapatao 1,190,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa ajali za barabarani, na ya kuwa kwa watu wa miaka 5 hata 29 hakuna sababu ya kifo iliyo kubwa kuliko hiyo. Zaidi ya nusu ya wafao ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki, yaani watu wasio na chuma cha kuwakinga. Hao ndio jamaa zetu waendao sokoni, shuleni na shambani.

Wasomaji wa Torati watakumbuka sheria iliyo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 21. Akionekana mtu ameuawa kondeni, na aliyemwua hajulikani, wazee na waamuzi walitoka kupima umbali mpaka miji iliyozunguka, na mji uliokuwa karibu kuliko yote ndio uliolibeba jambo lile. Hawakuambiwa kwamba wao ndio waliomwua, walakini hawakuachiwa kusema, "Haituhusu." Ukaribu wenyewe uliwatia katika wajibu. Na tulishike neno hili, kisha tutazame kwa utaratibu mambo yatupasayo.

1. Kuzuia ajali ya pili

Mara nyingi anayekimbilia kumsaidia majeruhi hugongwa naye. Basi, kabla ya kuinama, watu wawili wapelekwe, mmoja huku na mmoja huku, waende mbali kiasi cha kuwaonya madereva wanaokuja. Desturi ya nchi yetu ya kutandika matawi mabichi barabarani ni njema, na kila dereva aijua. Usiku mtu atumie tochi ya simu au nguo nyeupe, asisimame katikati ya njia. Jambo likiisha, matawi yaondolewe, yasije yakamwangusha mpanda pikipiki.

Na ikiwa aliyekimbia amelisukuma gari jingine likapinduka, na mafuta yanavuja, watu wakae mbali, mtu asiwashe moto wala sigara, wala asije na dumu. Tarehe 10 Agosti 2019, hapo Msamvu katika mji wa Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota. Moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha yao. Habari ile yapasa kukumbukwa katika kila nyumba. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huitwa kwa namba 114.

2. Kuokoa uhai

Wa kwanza kumkaribia majeruhi amwite kwa sauti, atazame kama anapumua na kama damu yamtoka. Damu ikitoka kwa wingi, akandamize jeraha kwa kitambaa safi, asiachie; ikipenya, aongeze kitambaa juu ya kile cha kwanza, wala asikifunue. Asiyejitambua lakini apumua, alazwe ubavu, kichwa na mwili vigeuzwe pamoja kama kitu kimoja, ili matapishi yasimzibe koo. Mwenye kofia ngumu ya pikipiki asivuliwe, isipokuwa hawezi kupumua. Afunikwe kwa khanga au shuka, maana aliyepoteza damu hupoa upesi. Asipewe maji wala chai wala chakula, hata akiomba. Huenda akahitaji kupasuliwa, tena aweza kupaliwa.

Tunaona tena na tena kwamba mtu huinuliwa kwa mikono na miguu kama gunia, au hubanwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Huko ni kumwumiza mara ya pili, kwa kuwa mfupa wa shingo au wa mgongo uliovunjika waweza kuukata uti, na mtu asitembee tena siku zote. Hatari isipokuwapo, asihamishwe mpaka chombo kifae. Ikibidi kumhamisha, utafutwe ubao mpana, watu wanne waje, mmoja ashike kichwa kisipinde, wainue kwa neno moja.

3. Kupeleka habari

Wakati wengine wakimtazama majeruhi, mmoja apige simu polisi kwa namba 112, na ateuliwe kwa jina, maana penye watu thelathini kila mmoja hudhani mwenzake amekwisha kupiga. Aseme mambo matano kwa kifupi: mahali, saa, idadi ya walioumia, namna ya gari, na upande lilikokwenda. Hilo la mwisho lina nguvu kuliko watu wanavyofikiri. Gari liendalo mbio katika barabara kuu halina njia nyingi za kujificha. Malori na mabasi hupita katika mizani, kama ile ya Vigwaza na ile ya Mikese katika njia ya Dar es Salaam kwenda Morogoro. Mabasi ya safari ndefu nayo yamefungwa chombo cha kufuatilia mwendo, ambacho Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, hukitazama. Basi hata kama namba haikuonekana, kujua rangi ya basi, saa na upande kwaweza kutosha. Lakini habari ikikawia, gari limekwisha kuoshwa.

Vijana wasilifukuze gari hilo kwa pikipiki. Anayekimbia kwa hofu huendesha bila kutazama, na kijana amfuataye huenda akawa majeruhi wa pili. Kazi ya kumkamata ni ya polisi. Kazi yetu ni kuona vizuri na kusema upesi.

4. Kuhifadhi ukweli

Kumbukumbu ya mwanadamu ni kama nyayo mchangani: hudumu mpaka upepo wa kwanza. Kwa hiyo kila aliyeona aandike saa ile ile, kwenye karatasi au kwenye simu, kabla hajazungumza sana na wenzake. Maana watu wakiisha kuzungumza pamoja, wote huona gari la rangi moja, nalo ni lile aliloliona mwenye sauti kubwa. Aandike alichokiona kwa macho yake, na alichokisikia kwa mwingine akiweke mbali. Kama hana hakika, aandike kwamba hana hakika. Shahidi mwema si yule ajuaye yote, bali ni yule asiyeongeza.

Namba ya gari ndiyo ya kwanza. Gari la kawaida la Tanzania Bara lina herufi T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Kibao cha manjano kwa kawaida ni cha gari la mtu binafsi, na cheupe ni cha gari la biashara. Namba ya pikipiki huanza kwa MC. Aliyeona sehemu tu ya namba aiandike hiyo sehemu, maana tarakimu mbili pamoja na rangi na namna ya gari hupunguza sana kazi ya kutafuta. Kisha aandike alama: maandishi ya ubavuni, taa iliyovunjika, mahali bodi ilipobonyea, mzigo uliokuwa juu.

Vipande vya kioo, magamba ya rangi na alama za matairi visiguswe wala kufagiliwa. Vipigwe picha pale vilipo, navyo vilindwe mpaka polisi waje kupima. Kipande cha taa kilichoanguka kwaweza kulinganishwa na taa ya gari lililofichwa uani. Na kama kando ya njia pana duka au kituo cha mafuta chenye kamera ya ulinzi, mwenyewe aombwe siku ile ile aitunze picha, kwa kuwa kamera nyingi hufuta za zamani na kuandika mpya juu yake.

Hapa yatupasa kukemea jambo moja. Picha za alama ni ushahidi. Picha za uso wa mtu anayekufa, zikitumwa kutoka simu hata simu, ni aibu. Mama asijue msiba wa mwanawe kwa kuuona mwili wake katika simu ya jirani. Picha ziende polisi, zisiende mahali pengine. Na mali ya majeruhi, yaani simu, fedha, mkoba, ikusanywe na mtu mwaminifu mbele ya watu wawili, ihesabiwe, kisha ikabidhiwe polisi au jamaa.

5. Hospitali na hati

Polisi humpa aliyeumizwa hati iitwayo PF3, na mganga huandika humo majeraha aliyoyaona. Hati hii ni ya lazima kwa kesi na kwa madai yajayo. Walakini majeruhi asizungushwe njiani damu ikimtoka, watu wakitafuta karatasi. Wagawane: wengine wampeleke hospitali moja kwa moja, mmoja aende kituoni kuichukua hati. Uhai hutangulia, karatasi hufuata; lakini ifuate kweli, siku ile ile, isisahauliwe. Hata aliyejiona mzima, akaenda nyumbani kwa miguu, apimwe. Kuna aliyesema "si kitu" jioni, akaonekana usiku kwamba alivuja damu ndani ya tumbo.

Kila hati itunzwe katika bahasha moja: nakala ya PF3, vyeti vya hospitali, risiti za dawa na za nauli, namba ya jalada la polisi, majina ya mashahidi na namba zao za simu. Familia nyingi hupoteza haki zao kwa kupoteza karatasi tu.

6. Madai na fidia

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, humlazimisha mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine watakaouawa au kuumizwa na gari lake. Lakini twaona mara moja shida iliyopo: bima huifuata namba ya gari. Gari likijulikana, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, ina njia ya kuhakiki kwa namba hiyo kwamba lina bima na ya kampuni gani. Gari lisipojulikana, mlango huu huwa mgumu kufunguka. Katika nchi nyingine wamefanya mpango kwa ajili ya walioachwa hivyo. Uingereza kuna shirika la makampuni ya bima lililoundwa mwaka 1946, na leo huwafidia hata walioumizwa na dereva asiyejulikana. Na India tangu Aprili 2022 imewekwa rupia 200,000 kwa aliyeuawa na dereva aliyekimbia, na 50,000 kwa aliyejeruhiwa vibaya. Kwetu, ndugu, tegemeo la mjane na yatima ni kwamba wewe uliyesimama kando ya njia uliishika ile namba. Basi usione kwamba kuandika tarakimu chache ni kazi ndogo.

Dereva akipatikana, familia isikawie. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 imeweka miaka 3 kwa madai ya madhara ya namna hii, nayo hupita upesi kwa mwenye huzuni. Asiyeweza kulipa wakili awatafute wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Tena tujihadhari na kumalizana gizani. Mtu huja usiku na bahasha, majeruhi yu kitandani bado, hajulikani kama atatembea, na karatasi iko tayari kutiwa sahihi. Mtu asitie sahihi saa hiyo. Gharama ya mguu haijulikani mpaka mganga amesema.

7. Hasira ya watu

Sasa twafika mahali pagumu. Kwa nini madereva hukimbia? Wako wakimbiao kwa ulevi, au kwa kukosa leseni au bima, na hao hawana udhuru. Lakini wako wengine ambao wangesimama, nao hawakusimama kwa sababu wamewahi kuona dereva mwenzao akipigwa kwa mawe na fimbo, na gari lake likichomwa, hata kabla haijaulizwa nani mwenye kosa. Basi kila kijiji kinachompiga dereva aliyesimama kinamfundisha dereva wa kesho kukimbia. Leo tumelipiza kisasi kwa mmoja. Kesho mtoto wetu ataachwa njiani kwa sababu hiyo. Fimbo ile huzunguka ikarudi nyumbani kwetu.

Kwa hiyo wazee wa kijiji na wa sharika watangulie kufika, wasimame kati ya dereva na umati. Kumkinga dereva si kumtetea kosa lake. Ni kuhakikisha kwamba kesi itasikilizwa, kwamba bima yake itajulikana, na kwamba dereva ajaye ataona ya kuwa hapa mtu aweza kusimama akabaki hai.

8. Kwa dereva, kwa mwenye gari, na kwa fundi

Katika sharika zetu hawamo waliogongwa tu. Wamo pia waendeshao. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yamwagiza dereva aliyehusika na ajali asimame, awasaidie walioumia, ajitambulishe, atoe habari polisi. Kusimama si kukiri kosa. Huenda kosa lilikuwa la mwingine. Lakini kukimbia hufanya lisilokuwa kosa lake liwe kosa, na lililokuwa kosa dogo liwe kubwa. Kama aona kweli kwamba uhai wake uko hatarini, aende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, na njiani apige simu majeruhi apate msaada. Aendaye polisi ajidhihirisha. Aendaye nyumbani na kuzima taa ajificha. Tofauti yao ni kubwa mbele ya sheria na mbele ya dhamiri.

Na yule aliyekwisha kukimbia, labda jana, labda mwaka uliopita, twamwambia: njia ya kurudi haijafungwa. Atafute mtu wa kumshauri, aende na wakili au mzee anayemwamini, atoe habari. Ataingia taabuni, ni kweli. Walakini taabu ya mahakama ina mwisho, na ile ya kushtuka kila anapoona askari haina.

Mwenye gari akiona taa imevunjika na dereva wake anababaika, asinyamaze. Fundi akiletewa gari usiku, lina nywele au damu kwenye kioo, na mwenye nalo ataka limalizike kabla ya asubuhi, ajue kwamba analetewa ushahidi auharibu kwa malipo. Abiria aliyekuwa ndani vivyo hivyo: aliona, basi ni shahidi, hata kama dereva ni shemeji yake.

9. Kusamehe si kuficha

Hatimaye twaulizwa mara nyingi: "Je, Mkristo aliyefiwa aruhusiwa kumshtaki aliyemwua nduguye? Si yatupasa kusamehe?" Twajibu kwamba mambo haya ni mawili. Kusamehe ni kazi ya moyo wa mfiwa, na hakuna mahakama iwezayo kumzuia. Bali kuua kwa kuendesha kwa hatari ni kosa la jinai, na shauri lake ni la Jamhuri. Mfiwa hana ruhusa ya kulifuta kwa niaba ya watoto wengine watakaovuka njia ile ile kesho. Aweza kumsamehe dereva asubuhi na kutoa ushahidi wa kweli mchana, wala hajajipinga. Ukweli uliofichwa kwa jina la msamaha huwa deni, na atakayelipa ni mwingine.

Basi na tuanze mapema. Kila kijiji kilicho kando ya barabara na kichague watu sita wajifunze huduma ya kwanza. Ubao wa kubebea majeruhi uwekwe mahali panapojulikana. Namba za polisi, za zimamoto na za hospitali iliyo karibu ziandikwe ukutani. Siku ya ajali haifai kuwa siku ya kwanza ya kushauriana.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika kijiji chetu, ni mahali gani ajali hutokea mara nyingi, na nani hufika kwanza?
2. Kwa nini wajibu wa dereva aliyekimbia huwaangukia waliobaki? Linganisha na Kumbukumbu la Torati 21.
3. Tofauti ni nini kati ya ulichokiona na ulichokisikia? Jaribuni: mtu mmoja apite mbele ya kikundi na mzigo, kisha kila mmoja aandike peke yake alichokiona, mlinganishe.
4. Tufanye nini ili dereva anayesimama asipigwe hapa kwetu? Ni nani watakaotangulia?
5. Fundi ambaye ni ndugu yetu wa usharika akiletewa gari la namna ile, tutamsaidiaje kusema kweli?